Rozmari ya kutambaa kufunika mteremko wa mchanga Malindi, itashika kweli?

nyumba_ya_mchanga (Malindi)

Salaam wadau, poleni na joto. Naomba msaada wa watu wanaojua mimea kwa mikono yao sio kwa picha za simu. Tuna kiwanja upande wa Casuarina hapa Malindi, nyuma ya nyumba kuna mteremko, urefu kama mita 10 na toka juu mpaka chini mita 3 hivi, mchanga mtupu, na kila masika maji yanaushusha mpaka njia ya watu na majirani washaanza kusema. Nyasi za Pemba tulipanda, zikashika pale chini penye kivuli cha mivinje lakini huku juu kwenye jua zinakauka ikifika Januari na kumwagilia kila siku siwezi, maji yenyewe ni ya kisima na yana chumvi chumvi.

Sasa Watamu nimeona ukuta wa hoteli umefunikwa wote na rozmari ile ya kutambaa, inaning'inia mpaka chini, ukipita ukiigusa mkono wote unanukia. Nikauliza mtu wa pale akasema haitaki maji mengi wala kazi nyingi. Nikaipenda sana kusema kweli, na jikoni pia ningepata ya kupikia. Lakini nasari niliyokwenda bei ya mche mmoja imenishtua na nikihesabu mteremko wote nahitaji mingi, kwa hivo kabla sijatoa pesa nauliza: itastahimili masika yetu? Nipande umbali gani? Mbuzi wa mtaani je, wanakula? Na inaweza kushika mchanga peke yake ama ni urembo tu? Maana mpaka masika ijayo nataka niwe nimefanya kitu cha maana pale.

fundi_bustani_mld

Wa alaykum salaam dadangu. Itastahimili, lakini sio kila pahali na sio kwa kupanda vile tunavopanda vitu vingine huku pwani.

Mimi kazi yangu ni bustani za watu, Malindi mpaka Watamu, na hii rozmari ya kutambaa nimeiweka sehemu nyingi, kuna zilizopo mpaka leo na kuna zilizokwenda na masika ya kwanza, na tofauti yao ni moja tu, maji kukaa kwenye mizizi. Watu hudhani jua ndo litaiua au upepo wa kusi ukileta chumvi ya bahari, sivyo. Huu mmea kwao ni kandokando ya bahari ya Mediterania, Italia, Uhispania, Moroko huko, unamea wenyewe kwenye majabali juu ya bahari, ardhi ya chokaa, jua kutwa, chumvi inaupiga. Ndo maana hii ardhi yetu ya matumbawe inayofanya mimea ya bustani kama miksora igeuke manjano yeye haimsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba kwao mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi kikija kinakuja kikavu, hewa kavu, wakati huku kwetu joto na unyevu vinakwenda pamoja mwaka mzima halafu ifike Mei ndo mvua inamwagika kuliko mwezi mwingine wowote. Mizizi ikiloa muda mrefu na joto hili inaingia kuvu ya ardhini, inaoza kimya kimya. Utaona majani yanakuwa kahawia kuanzia ncha, mtu anasema masikini ina kiu anaiongeza maji, na hapo ndo anaimaliza kabisa.

Kwa hivo wewe una bahati mbili, mteremko na mchanga. Maji hayakai. Huo ukuta wa Watamu uliouona umependeza kwa sababu hiyo hiyo, mmea uko juu kwenye tuta la udongo lililoinuka, maji yanapita na kwenda zake, na upepo unapita chini ya matawi.

Lakini usipande Aprili! Hili nalisema kwa herufi kubwa kama ningeweza. Sisi desturi yetu ni kupanda mvua zikianza, mahindi sawa, mnazi sawa, huyu usimfanyie hivo. Panda Agosti au Septemba mvua kubwa zikishapungua, ili vuli ya Oktoba na Novemba iukute mche ushaanza kutoa mizizi, kisha kaskazi yote mpaka Machi unamwagilia wewe kwa kiasi, na masika ikija inakuta mmea mkubwa wenye mizizi iliyozama. Mche mdogo wa wiki mbili ukikutana na Mei ya Malindi hauna nguvu.

Umbali mimi naacha sm 90. Vitabu vingi vitakwambia 60 mpaka 90 na mmea mmoja ukikomaa unaweza kutandaa mita na zaidi, lakini huku na unyevu wetu ni bora uache nafasi hewa ipite, ukibananisha kwa haraka ya kutaka pazibe unapata unga mweupe kwenye majani, ule ugonjwa wa ukungu, na katikati panakufa. Kwa mteremko wako wa mita 30 za mraba ukipanda kwa sm 90 ni miche kama 37 tu, sio mingi vile.

Na angalia unauziwa nini. Nasari nyingi zinauza ile ya kusimama wima wakikwambia itatambaa ikikua, haitambai hiyo, itasimama tu. Ya kutambaa unaijua ikiwa bado changa, matawi yanajipinda na kuanguka pembeni ya chungu yenyewe. Ikiwa ina kibao tafuta neno Prostratus, au Huntington Carpet hiyo ndo fupi zaidi, inakaa kama sm 30 toka chini. Na usinunue mbegu za paketi, zinachelewa kuota, nyingi hazioti kabisa, na zikiota karibu zote ni za kusimama.

mkulima_gede

Kakangu fundi umesema mazuri na sibishani nawe kwenye habari ya maji, lakini dada ameuliza swali la mchanga kushuka na hilo hujalijibu, umejibu la rozmari.

Dada, mimi nalima Gede, mchanga mwekundu, mteremko kama huo ninao. Rozmari inakua polepole. Mwaka wa kwanza utakuwa na vishada 37 vimetawanyika na katikati yake mchanga wazi, mpaka vikutane ni mwaka wa pili au zaidi, na masika haingojei. Mvua ya usiku mmoja ya Mei inatosha kuchimba mfereji na kung'oa miche yako yote ikaishia kwa hao majirani. Kwanza mchanga uushike. Panga mawe ya matumbawe mistari mitatu ya kukata mteremko, mawe unayo au jirani anayejenga anayo, uyazike nusu yasisombwe, kila mstari unakuwa kama ngazi ya chini chini, maji yanapunguza kasi na mchanga unanasa nyuma ya mawe. Au panda mstari wa nyasi za vetiva kule juu kabisa na mwingine katikati, mizizi yake inakwenda chini wima mita na zaidi, hiyo ndo inashika ardhi kikweli. Hapo ukitaka rozmari yako iweke katikati ya mistari na roho yako itulie.

Halafu kuna yule mtambazi wetu wa ufuoni, ana maua ya zambarau, jamii moja na viazi vitamu, majani yake yamegawika pale kati kwenye ncha, yuko Mambrui kote na Silversand pia, anatia mizizi kila kifundo kinapogusa mchanga. Jua hamwogopi chumvi hamwogopi na hauziwi na mtu. Mimi nasema mteremko mzima mpe huyo, na rozmari ipande mlangoni ya kunukia na ya jikoni. Sikatai uzuri wake ila si lazima kila kilichopendeza hotelini tukilete nyumbani.

Na jambo moja hakuna aliyelisema, NDAGO. Kama mchanga wako una ndago usiguse kitu mpaka umezitoa. Rozmari haizibi kiasi cha kuzuia ndago, zitapenya katikati ya matawi na hutaweza kuzing'oa bila kuvunja mmea, na ukikata juu zile punje za chini zinachipua tena mara mbili. Chimba, chekecha mchanga, toa punje, mwagia maji ngoja zichipue toa tena. Kazi ya mwezi mzima lakini ukiiruka utajuta miaka.

bi_wa_kiwandani (Amu)

Mwanangu hujambo. Mimi ni mtu wa Amu na rozmari ninayo miaka, nimesoma maneno ya hawa wanaume wawili wote wana haki, mimi nina langu dogo.

Yua. Hamjalisema vya kutosha. Mmea huu unataka yua lisilopungua masaa sita kwa siku. Huku kwetu watu wengi waliitia kiwandani katikati ya nyumba, kuta ndefu pande zote, yua unalipata saa sita mpaka saa nane basi, ukawa unarefuka tu matawi membamba kama nyuzi, haunukii, mwisho ukafa. Kiwandani weka asumini, weka kirehani na kilua, hivyo ndivyo vya pale. Rozmari yangu mimi iko yuu ya nyumba kwenye paa la wazi, kwenye magudulia ya udongo yenye matundu, na imeteremka nje ya ukuta mpaka wapitao njiani huikata kijiti wakaenda nacho, siwakatazi.

Wewe umesema pale chini pana mivinje. Basi pale chini usipande, utapoteza mali. Kivuli, na zile nyuzi za mvinje zikianguka zinajaza katikati ya matawi zinashika maji, ndipo panapooza. Pale Pemba imeshika iache Pemba. Rozmari iwe huko yuu kwenye yua penye kukushinda, si ndipo unapopataka.

Kuhusu mbuzi, kwetu ni punda zaidi na punda hunusa akapita, harufu ni kali mno kwake. Mbuzi nao si chakula wanachokipenda lakini Machi nti ikikauka mbuzi mwenye njaa hachagui, na hata asipokula ataukanyaga na huu haukanyagwi, si kama nyasi, tawi likivunjika limevunjika. Weka ua wa mihimili na kamba angalau mwaka wa kwanza.

nyumba_ya_mchanga

Jamani mashaallah nimefurahi, sikutarajia majibu haya. Mamangu wa Amu asante, hiyo ya mivinje sikuifikiria kabisa, kweli chini kule zile nyuzi zinajaa mpaka nafagia kwa reki kila wiki. Na mkulima, ndago zipo, sio nyingi lakini zipo upande mmoja, nitaanza nazo.

Mawe ya matumbawe ninayo, yamebaki toka tukijenga. Lakini yule mtambazi wa ufuoni nina wasiwasi naye, kwa jirani mmoja amepanda mpaka kwenye kisima na kwenye mpapai, kila siku ni kukata. Mteremko wangu umeshikana na uwanja wa watoto kucheza.

Nimebaki na maswali. Maji yangu ya chumvi chumvi, yataidhuru? Miche nawezaje kuizalisha mwenyewe maana hata hiyo 37 bei ni kubwa? Na mama mkwe anasema kitu kizito hivo chini chini kitaleta nyoka, na mwingine akaniambia hapana rozmari inafukuza nyoka na mbu, sasa nimshike nani.

mkulima_gede

Huyo mtambazi ukiwa na watoto wanacheza pale nakubaliana nawe, achana naye, au muweke ukingo wa nje wa kiwanja pekee. Mawe basi. Yapange kabla hujanunua mche hata mmoja, na mstari wa juu uwe na nguvu kuliko wote kwa sababu ndo unapokea maji ya paa. Kwani maji ya paa yanakwenda wapi? Kama hayana gata yanaangukia juu ya mteremko hapo ndo chanzo cha taabu yako yote, mimea haitaponya hilo. Weka gata, ingiza kwenye tangi, na utapata maji matamu ya kumwagilia bila chumvi.

fundi_bustani_mld

Mkulima hapo kwenye gata umenena, na kuhusu mawe mimi nimekubali, mistari ya mawe na rozmari juu yake ni kitu kimoja kizuri sana kwa sababu kila jiwe linainua mche na maji yanapita chini. Pandia nyuma tu ya jiwe, upande wa juu wa mteremko, matawi yatamwagikia jiwe na baada ya muda jiwe halionekani.

Dadangu chumvi: rozmari inavumilia maji ya chumvi kiasi, kuliko mimea mingi ya bustani, lakini isiwe mara zote. Kaskazi ikiwa ndefu chumvi inajikusanya kwenye mchanga kila ukimwagilia na hakuna mvua ya kuishusha. Fanya hivi, mwagilia mara chache lakini maji mengi kwa mara moja, yazame, yashushe chumvi chini ya mizizi. Ule mtindo wa kunyunyiza kila jioni kidogo kidogo juu juu ndo mbaya kuliko yote, chumvi inabaki juu na mizizi nayo inabaki juu. Miezi ya mwanzo kwa mchanga wako mara mbili kwa wiki, ikishashika unapunguza mpaka hata wiki mbili bila, ingiza kidole kwanza, kama mchanga una ubaridi wa maji chini usimwage. Na umwage chini kwenye shina asubuhi, sio springla ya kulowesha majani usiku, unyevu tulionao hewani unatosha.

Miche: usinunue 37. Nunua mitano mizuri, mama zake, halafu zalisha. Chukua ncha za matawi ambazo si laini laini kabisa na hazijawa mti, yaani ukilipinda linapindika bila kukatika, urefu sm 8 mpaka 10, kata kwa kisu kikali. Toa majani yote ya nusu ya chini, majani yakizikwa yanaoza. Chomeka kwenye mchanga safi wa mto uliochanganywa na mboji kidogo sana, SIO mchanga wa pwani wenye chumvi kwa vipandikizi hapana, hapa chumvi ndo inaumiza. Weka kivulini penye mwanga chini ya makuti, mchanga uwe na unyevu usiloe, na usifunike na nailoni huku kwetu, joto hili vitaoza vyote. Wiki 4 mpaka 6 vuta kidogo, likikataa kutoka lishashika. Chomeka mengi kuliko unayohitaji kwa sababu hayashiki yote. Ukianza Mei ndani ya kivuli kilichofunikwa juu mvua isipige, Agosti utakuwa na miche ya kupanda.

Njia nyingine ndo rahisi kabisa na hii naipenda kwa mteremko. Mama akishatandaa, chukua tawi lake refu lilalie chini, kwangua ganda kidogo upande wa chini, fukia pale na uweke jiwe juu, ncha ibaki nje. Litatoa mizizi lenyewe likiwa bado linanyonya kwa mama, miezi miwili mitatu unakata unahamisha, au unaliacha hapo hapo liendelee kushika mchanga. Hivi ndo utaziba nafasi bila kununua kitu.

Kupanda, kila shimo inua kilima kidogo cha sm 15 hivi, udongo wako huo huo wa mchanga na kokoto za matumbawe, mboji mkono mmoja basi. Usijaze samadi ya ng'ombe, samadi nyingi inafanya matawi yawe mepesi na laini, harufu inapungua na magonjwa yanakuja. Shina liwe juu kidogo ya usawa. Kisha tandaza kokoto za matumbawe kuzunguka, sio majani makavu wala makuti yaliyooza, hayo yanashika unyevu shingoni.

Nyoka na mbu, mama mkwe yuko karibu na ukweli kuliko huyo mwingine. Mmea wowote unaofunika chini unaweza kuficha nyoka, rozmari haimfukuzi. Cha kufanya ni kuinyanyua, punguza matawi ya chini kabisa karibu na njia ya watoto uone ardhi, na uache mapengo ya kokoto kati ya mteremko na uwanja. Mbu, mafuta yake yanasaidia ukiyasugua majani au ukichoma kijiti jioni, mmea ukisimama tu hapo haufanyi kitu.

bi_wa_kiwandani (Amu)

Kwenye kukata mwambie vizuri fundi, hapo ndipo wengi huharibu. Mwanangu, kata sehemu yenye majani mabichi tu. Ukishuka ukakata kwenye mti mkavu usio na jani halichipui tena, si kama asumini ambayo hata ukiifyeka hurudi. Watu huuacha miaka bila kukata, ukishakuwa mti mtupu katikati na kijani pembeni ndipo wanakumbuka makasi, umeshachelewa. Kata kidogo kidogo mara kwa mara, usipite thuluthi moja ya mmea kwa mara moja, na si wakati wa mvua kubwa. Ukikata vya jikoni kila wiki kazi yenyewe imefanyika. Na ukiona katikati pameanza kuwa uwazi chukua wale watoto waliotia mizizi ubadilishe, mama muage.

jikoni_malindi

Naingilia kwa habari ya jikoni maana hakuna aliyegusa. Mimi nimepika jikoni za Waitaliano hapa Malindi, na kwao hii haikosekani, viazi vya ovenini, kuku, nyama ya mbuzi, mkate wao wa bapa wenye mafuta ya zeituni na chumvi juu. Ya kutambaa inaliwa bila shida, ni mmea ule ule, ila nyingine ladha yake ina uchungu kidogo kuliko ya kusimama kwa hivo tia kidogo uonje. Kwa samaki wetu wa kuchoma, changu au tewa, weka kijiti kimoja tumboni na ndimu na kitunguu saumu, usiweke mingi utapoteza samaki. Vile vijiti vilivyokomaa toa majani, chonga ncha, tunga mishkaki.

Ila kama unapuliza dawa pale mteremkoni basi ya kupikia panda pekee. Na mama mjamzito ya kwenye chakula haina neno, lakini zile chai nzito za majani mengi na mafuta yake ya chupa aachane nayo.

Na maua usiyategemee sana dadangu. Picha za Ulaya utaona mteremko wote wa buluu, huku kwetu joto halipungui vya kutosha, yanatoka machache machache. Nyuki wanakuja hata hayo machache.

nyumba_ya_mchanga

Shukran, shukran sana. Gata hatuna, mkulima umepiga penyewe, maji ya paa yote yanaangukia pale pale juu. Nimeongea na mzee wa nyumba tunaanza na gata na mawe, ndago nachimba mimi na vijana, Pemba inabaki chini. Swali la mwisho kwa fundi: mchanga wangu kule juu ukichimba kidogo unakuta kama jabali gumu, sijui linakwenda mpaka wapi. Mizizi itapita?

fundi_bustani_mld

Hilo jabali ndo litakalosema upande wapi na usipande wapi. Chimba mashimo matatu, juu, kati na upande wa pili, kina sm 30, jaza maji yaache yaishe, jaza tena mara ya pili halafu tizama. Yakishuka kama sm 3 au zaidi kwa saa moja pazuri, jabali lina nyufa na mizizi itazifuata yenyewe. Yakisimama tu hayashuki basi pale chini ni sakafu nzima na masika patakuwa bwawa lisiloonekana, hapo usipande kwenye shimo, jenga tuta juu ya jabali kwa mawe na kokoto lifike sm 40 upande juu yake, au pahali hapo mpe vetiva. Pima sasa kabla ya mvua, na ukipima tuandikie hapa kila shimo limesomaje nikwambie miche ipangwe vipi.